Mama Kufuli na Mashine Namba Tatu

Jina la Mama Kufuli hakupewa na wazazi wake, alijipatia mwenyewe kwa matendo. Chumba chake cha gemu kilikuwa na kompyuta nne, na kila skrubu ya kila kompyuta aliidondoshea rangi nyekundu ya kucha, ili mtu akifungua ajulikane. Rimoti ya feni alitembea nayo kwenye pochi. Mumewe aliwahi kumwuliza kama na yeye atapakwa rangi kabla ya kutoka nyumbani, akajibiwa kwamba wazo si baya.

Aliyemsaidia kazi ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, mpole, mikono haitulii bila bisibisi. Miaka mitatu walifanya kazi pamoja bila kukwaruzana. Lakini mwenye shaka hakosi la kushuku, mpe siku moja tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mama Kufuli alitoka kwenda kuchukua skrini mpya, pana, ya nukta nyingi za kuunda picha, ambayo wateja walikuwa wakiililia. Aliporudi alikuta mashine namba tatu iko wazi, rangi ya skrubu imebanduka, shemeji anapiga brashi vumbi.

"Shemeji, mbona unafungua na mimi sipo?"

"Ilikuwa inachemka, shemeji. Naisafisha tu, narudishia sasa hivi."

Wakaiunganisha skrini mpya hapo hapo namba tatu, na picha ikatoka safi, unahesabu majani ya nyasi. Haukupita muda, mteja mmoja, dereva wa lori aliyekuwa kwenye mapumziko, akaanza kunung'unika kwamba gari lake la mbio kwenye gemu linakwenda kwa kushtuka-shtuka. Mama Kufuli akatazama namba iliyoko pembeni ya skrini, ile inayosema mashine inachora picha ngapi kwa sekunde. Alizoea mia na kumi. Sasa ilisoma thelathini na tano.

Basi, akajua. Au alidhani amejua, ambayo kwake ilikuwa kitu kimoja. Kadi ya picha ndiyo inayochora gemu, ndiyo ya thamani, na ndiyo inayouzika haraka. Shemeji katoa nzima kaweka dhaifu. Kikulacho ki nguoni mwako!

"Shemeji, kadi yangu iko wapi?"

"Iko humo humo. Ni hii skrini, shemeji, inaipa kazi zaidi kuliko ile ya..."

"Usinifundishe. Skrini ni kioo. Kioo kinachelewesha nini?"

Shemeji akafungua mashine tena, akamwonyesha kibandiko cha kadi. Kilikuwa kile kile. Mama Kufuli akasema kibandiko hubanduliwa kikabandikwa kwingine. Jamani, mtu akishaamua kushuku, hata ushahidi anaushuku! Akamwambia afungue mkoba wake, mbele ya wateja. Ndani mlikuwa na bisibisi, brashi na kitambaa.

"Basi umeshaitoa nje," akasema.

Shemeji aliuweka ufunguo wa chumba mezani, akaondoka.

Nyumbani mumewe alisikiliza mpaka mwisho. "Umemwita mdogo wangu mwizi mbele ya watu," alisema. "Kama kweli kaiba, mimi mwenyewe sitampokea tena hapa. Kama hakuiba, sijui utamrudishaje."

Asubuhi Mama Kufuli aliamua kuihifadhi namba tatu kama ushahidi. Akaibeba skrini mpya, akaihamishia namba moja, ambayo rangi yake ilikuwa nzima, skrubu hata moja haijaguswa. Akafungua gemu ile ile ya magari. Namba ikasoma thelathini na sita.

Akainama akakagua rangi kwa tochi. Nzima. Akaenda kukagua dirisha, akavuta nondo moja moja. Zilikuwa imara na zina vumbi lake. Akaichukua skrini ya zamani, ndogo, akaiunganisha na namba tatu, ile iliyoibiwa. Mia na kumi.

Alikaa kitako. Kisha akaingia kwenye mipangilio na kusoma taratibu, kama alivyopaswa kusoma tangu Jumanne. Skrini ya zamani ilihitaji nukta milioni mbili kwa kila picha. Mpya ilihitaji zaidi ya milioni nane. Punda ni yule yule, mzigo umekuwa mara nne, naye alimtafuta mwizi wa punda. Akapunguza nukta kwenye skrini kubwa. Nyasi zikafifia kidogo, gari likakimbia.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ijumaa shemeji alikuja, baada ya kaka yake kumfuata mara mbili. Mama Kufuli alimpokea mlangoni, hakuzunguka.

"Shemeji, nimekukosea. Ilikuwa skrini, kama ulivyosema. Nisamehe."

"Yameisha, shemeji," alisema, akaingia, akawasalimia watu wote kama kawaida. Mama Kufuli akashusha pumzi.

Mchana namba mbili ikaanza kuchemka. Shemeji akachukua bisibisi, akasita, akairudisha mezani. Akamwita yule dereva wa lori, aliyekuwa akicheza namba nne.

"Kaka, samahani, acha gemu kidogo. Kaa hapa uone ninachotoa na ninachorudisha."

"Shemeji, si lazima," Mama Kufuli alisema.

"Najua, shemeji."

Dereva akavuta stuli. Shemeji akafungua, akawa anataja kila kitu kabla ya kukiweka chini: feni, waya, kadi. Kadi akampa dereva mkononi, akamwomba asome namba iliyoandikwa pale. Dereva akaisoma kwa sauti, chumba kizima kikisikia, na Mama Kufuli akiwa amesimama hatua mbili kutoka pale.