Mshale Namba Nne wa Verlin

Mume wangu Verlin hatupi kitu. Mwaka wa thelathini na moja huu niko naye, na gereji yetu imejaa misumeno ya petroli ya watu waliokwisha kuzikwa, eti ipo siku ataitengeneza. Kiwanda cha mbao kilipofungwa, kutengeneza misumeno ndiko kulikotubakiza hapa Montana, kwa hiyo huwa nanyamaza. Kwenye mishale yake ya kuwindia sinyamazi.

Mshale wa kaboni ni mnafiki. Unaweza kuwa na ufa ndani mwembamba kuliko unywele, na nje unang'aa kama ulivyotoka dukani. Ukiufyatua, unakupasukia mkononi. Jirani yetu Duane alichokoa vibanzi kwenye kidole gumba mwezi mzima. Ndiyo maana huku kwetu kuna mambo mawili hayana mjadala: kabla ya kupiga, unaupinda mshale kidogo karibu na sikio usikilize, na ukilia, unauvunja papo hapo, asije mtu akauokota akadhani ni mzima. Hata watoto wanajua.

Sasa Verlin ana shabaha, hilo simnyimi. Lakini mishale yote sita anailenga nukta moja! Inagongana, inakwaruzana, inapasuka.

"We mwanaume, chora nukta sita," namwambia kila siku. "Kila mshale na nukta yake."

"Mtu anajua kulenga, Lorene. Akose makusudi?"

"Utalenga na nini ukishaimaliza?"

"Wivu huo," anasema, halafu anacheka peke yake.

Mshale aliokuwa anaupenda ni namba nne, wenye manyoya ya rangi ya chungwa. Huo ndio ulioangusha swala tuliyemla msimu wa theluji kiwanda kilipofungwa, tukiwa hatuna nyama nyingine ndani. Nao ulikuwa unapigwa nukta ile ile na wenzake. Nikimwambia austaafishe, ananiambia hata mimi hajanistaafisha.

Masika haya kibali cha kuwinda elki dume kikamwangukia. Elki ni mnyama wa milimani, mkubwa kama ng'ombe, pembe zake kama matawi, na kwenye bonde tunalowinda vibali hutolewa kwa bahati nasibu. Verlin alikuwa ameomba miaka kumi na minne. Aliisoma barua ya kibali amesimama njiani, akairudia, kisha akaja kuniwekea mezani. Ana miaka sitini na mitatu na goti bovu. Akingoja tena miaka kumi na minne, mlimani atapandishwa na nani?

Msimu ulipofunguliwa, siku nane tulipanda na kushuka, mimi nikiita kwa kifilimbi cha sauti ya jike, yeye akijificha mbele yangu. Siku nane patupu. Ikabaki moja, msimu ufungwe.

Asubuhi hiyo, kahawa ikichemka, Verlin alikuwa nje anaangalia matairi ya pikapu. Nikaona podo mezani, mishale mitano tu, tundu moja wazi. Namba nne upo juu ya friji. Nikasema, jamani, huyu mzee leo hii ndiyo siku ya kuusahau huu! Nikauchomeka mahali pake. Nikajiona mke mwema kweli.

Tulifika kwenye misonobari. Nikajiweka nyuma ya gogo, yeye hatua arobaini mbele yangu. Niliita mara mbili tu. Hakujibu mtu, ila vijiti vilianza kuvunjika upande wa kijito, na dume akatokea, shingo juu, hatua ishirini kutoka kwa Verlin. Mungu wangu, pembe zile!

Nikamwona Verlin anachomoa mshale. Anaupinda sikioni. Halafu akaganda.

Piga, nasema moyoni. Piga basi! Badala ya kuutia kwenye kamba, mkono wake ukarudi polepole kwenye podo kutafuta mwingine. Dume akauona mkono. Aligeuka mara moja tu, na vijiti vikavunjika mpaka ng'ambo ya kijito.

Nilitoka nyuma ya gogo ninawaka. "Verlin! Miaka kumi na minne! Ulikuwa unangoja akuamkie? Nimepanda mlima huu siku tisa na miguu yangu hii, halafu wewe unapekua podo kama unatafuta kijiko? Sema!"

Verlin aliupinda mshale karibu na sikio langu. Ukalia, sauti ndogo kama chumvi ikidondoka kwenye moto. Manyoya ya rangi ya chungwa.

"Niliupinda jana gereji ukalia," akasema. "Nikauweka juu ya friji. Sikuelewa umefikaje humu."

"Niliutia mimi," nikasema.

Alikaa juu ya gogo na kulinyoosha goti lake.

Hapo hasira ikanirudia, maana nilikuwa na haki yangu pia. "Na mimi ningejuaje? Mshale uliopasuka unavunjwa! Mshale mzima ni mzima! Kama ulishindwa kuuvunja, mdomo wa kuniambia 'Lorene, namba nne umepasuka' ulikuwa hauna?"

Verlin aliuzungushia koti lake, akauvunja kwenye goti lile zima. Ulichukua muda kukatika.

"Nilitaka kukwambia," akasema. "Nikaona utanisema mpaka Krismasi."

Nikafungua mdomo nimjibu. Ndipo nikatambua kwamba tangu nitoke nyuma ya lile gogo sikuwa nimeufunga.