Siku Aurelia Alipofungua Kitambaa Kanisani

Jumapili moja ya mwaka 1993, mke wangu alisimama katikati ya matangazo kanisani, akafungua kitambaa kichwani, na watu waliokuwa benchi moja naye wakahama.

Wakahama kweli. Wakawavuta na watoto wao.

Kichwani hakuwa na kidonda. Alikuwa na nywele. Hilo tu.

Naitwa Otto. Kijiji chetu kiko upande wa Maposeni, Songea. Jina lake naliacha, maana na baadhi ya wahusika bado tunasalimiana.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, malori ya watu binafsi yalikuja kununua mahindi hadi mlangoni kwako. Lori moja likatushushia mganga.

Alitukuta tumechanganyikiwa. Surua ilikuwa imeua watoto wanne ndani ya mwezi. Yeye akasema si surua, ni wachawi, na kila mtu mzima anyolewe naye kichwa na anywe dawa yake.

Atakayekataa, basi huyo ndiye mchawi.

Mimi nilinyolewa siku ya kwanza. Sikutaka makuu. Hata katekista wetu, Mwalimu Hironimus, tulimwona anapita na upara unang'aa. Tukasema, kama mwalimu amekubali, sisi ni nani?

Aurelia akagoma.

"Mama Noela, ni nywele tu," nilimwambia. "Zitaota."

"Siyo nywele, baba Noela. Nikikaa pale ninyolewe, nimekubali kwamba jirani yangu ndiye aliyeua wale watoto. Na siku ya ubatizo nilisema namkataa Shetani na mambo yake yote. Sikusema isipokuwa akija na lori."

Nikajifanya mjanja. Nikakusanya nywele zake kwenye chanuo, nikampelekea mganga na jogoo juu. Nikamwambia mke wangu ana homa, nimemnyoa mwenyewe nyumbani.

Akapokea. Dawa aliyonipa nikaimwaga kwenye migomba.

Kijiji kikatulia. Aurelia alikuwa mtu wa kitambaa siku zote, nani angejua?

Mwenyewe alikuja kuujua uongo wangu kisimani. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia, "Afadhali umenyolewa, dada. Tulishaanza kukuogopa."

Alirudi bila maji.

"Umewaambia nini?"

"Nimekuokoa."

"Umewaambia nini, Otto?"

Tangu amzae Noela hakuwahi kuniita jina langu. Nikamweleza yote. Nikampigia magoti, nikamwomba avumilie mwezi mmoja tu na kitambaa chake. Akachukua ndoo, akarudi kisimani. 

Jumapili padri hakuwepo, ibada iliongozwa na Mwalimu Hironimus. Ndipo Aurelia aliposimama.

"Mimi sikunyolewa," alisema. "Mume wangu alidanganya kwa sababu ananipenda. Msameheni. Lakini siwezi kukaa salama kwa uongo ule."

Akafungua kitambaa.

Nilimtazama mwalimu. Nilijua atasema neno. Akainamia kitabu chake, akaanzisha wimbo wa kufunga.

Mchana ule ule madirisha yetu yalipigwa mawe. Kaka yangu Osmund akaita ukoo.

"Kama unamtaka, ondoka naye," aliniambia. "Humtaki, baki na shamba na mtoto."

Noela alikuwa na miaka sita. Nilitazama chini nikasema, "Aende."

Aurelia hakunilaani. Angenilaani ningepumua. Alimfunga Noela vifungo vya gauni, akamwambia amtii bibi yake, akashika njia ya Songea kwa miguu.

Ikapita miaka mitatu.

Mwaka 1996 Mwalimu Hironimus aliugua miguu, akaniita kwake. Nilimkuta barazani, amekonda. Hakuzunguka.

"Otto, mimi sikunyolewa na yule mganga. Nilijinyoa mwenyewe kwa wembe, ndani kwangu. Watu wakaona upara, wakadhani nimepita kwake."



"Walikuja wengine kuniuliza wafanyeje. Nikawafundisha mbinu hiyo hiyo. Nyumba kumi na moja, ukihesabu na yangu. Siku mama Noela aliposimama, wote tulikuwa mle ndani."

"Sasa mbona hukusimama, mwalimu?"

Akainama kuisugua miguu yake.

"Nilikuwa nangoja asimame wa pili. Halafu ningefuata mimi."

Kesho yake nilikwenda Songea. Nilimpata Aurelia karibu na stendi, anauza wali na maharage. Aliniona, akaendelea kupakulia wateja wake hadi walipoisha. Kisha akauliza, "Noela anasoma?"

"Yuko darasa la pili."

Nikamweleza ya mwalimu. Aliposikia nyumba kumi na moja, alikaa chini akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile ya kuondoka.

"Miaka yote hii," alisema, "nilijua mle ndani nilikuwa peke yangu."

Nikamwomba msamaha. Akajifuta uso kwa khanga.

"Nilishakusamehe. Lakini haya unayoniambia, mimi nilikuwepo. Kawaambie wao, pale pale kanisani."

Jumapili iliyofuata nilisimama pale pale aliposimama yeye.  Nilisema ya chanuo, ya jogoo, na ya "aende". Jina la mwalimu sikulitaja.



Kisha Mwalimu Hironimus akainuka kwa fimbo yake, akasema la kwake. Nyuma akainuka mjane mmoja. Mwishowe zilisimama nyumba nne kati ya zile kumi na moja.

Saba nyingine mpaka leo zimekaa.

Osmund alininyang'anya shamba wiki hiyo hiyo. Nikahamia Songea na Noela. Mtoto alimwamkia mama yake kama mgeni, akajificha nyuma yangu. Aurelia alitupokea, lakini ilipita miaka miwili kabla hajanihesabu tena kuwa mumewe. Hajawahi kuniambia kwamba alifanya vizuri siku ile. Husema tu kwamba hakuona namna nyingine.

Ndugu msomaji, ukimwona mtu amesimama peke yake kwa ukweli ambao na wewe unaujua, usikae kumngoja wa pili.

Wa pili ni wewe.