Jina la Kumi na Mbili

Mwamvua hajawahi kuupiga mpira hata teke moja, lakini ukitaka ugomvi naye pale mtaani Kimanga, mwambie kwamba Nyota ya Ziwa ni timu ndogo. Atakunyang'anya kikwembe ulichokuwa unanunua, akikunje, na maneno akupe ya kwenda nayo nyumbani. Babu zake walifika Uvira na biashara ya ziwani, na ulimi ameurithi pamoja na duka la vitenge. Mashabiki wanamwita Mama Ibrahim, kwa sababu mwanawe ndiye aliyekaa golini miaka minne, mpaka mvua ile iliyouingiza mto mjini ilipomchukua akiwa na pikipiki yake. Pikipiki ilionekana. Ibrahim hakuonekana.

Kocha wa Nyota, Ezéchiel, ana miaka ishirini na miwili kazini na kawaida yake moja. Kabla ya mechi huwapanga vijana katikati ya uwanja, hufungua kaye, daftari lake la shule, na kuwaita majina kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhubiri. Kipa huwa wa mwisho. Kila anayeitwa hujibu, "Iko!" yaani yupo.

Jumapili ya pili baada ya mafuriko, kipa mpya, Clovis, alikuwa ameshaitika. Kocha alipaswa kufunga kaye, lakini ulimi ukamteleza. "Ibrahim!" akaita, kwa mazoea tu. Mwamvua alikuwa kwenye benchi la mbele, na msiba wake una siku tisa. Akasimama, akajibu yeye: "Iko!"

Watu walilia siku ile. Jumapili iliyofuata kocha akaliita jina kwa makusudi, kwa heshima, na mashabiki wote wakaitika. Ikawa desturi. Watu walitoka hata Runingu kuja kuisikia, kama waliokaribishwa harusi.

Mwamvua naye aliipenda, tusimsingizie. Mwaka mzima ilimshibisha. Kisha, kila Jumapili adhuhuri, akaanza kuukuta mkeka wa sebuleni umeloa, na maji yale yana umbo: bega, nyonga, miguu iliyokunjwa, kama mtu aliyelala ubavu akainuka sasa hivi. Ulinuka tope la ziwa. Paa halikuwa linavuja. Alisoma dua, akatoa sadaka, akauanika mkeka juani wiki nzima, Jumapili umeloa. Ndipo alipokumbuka onyo la bibi yake: jina la marehemu likiitwa, liache lipite, maana anayeliitikia amemfungulia mlango.

Na aliyeitikia kwanza ni nani? Jambo hilo alilificha miaka mitano, na lilimla ndani kwa ndani. Alitaka kitu kimoja tu, mwanawe apumzike, na hakuona njia maadamu Ezéchiel alikuwa akimwita kila wiki.

Basi Nyota ilipofungwa mechi ya saba mfululizo, mashabiki wakajazana Jumamosi asubuhi kwenye duka la Nourdine, mwenyekiti wao, wajadili kama mzee Ezéchiel aondolewe.

"Kocha ameshachoka," alisema Nourdine. "Mupira ya leo ni mbio. Yeye iko anachezesha ya wakati ya babu."

"Weye ulimuona wapi anachezesha?" alimrukia Eugène, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. "Kila machi ya mupira uko na macho mu telefone! Mubaya ni Clovis. Gardien gani anasimama kando ya mulingoti?"

Clovis alikuwepo, ameinamisha kichwa. "Pale katikati hakuna nafasi," alisema. "Kuko muntu. Ninasikia anapumua. Minye ninamuachia nafasi yake."

Wote wakamgeukia Mwamvua, wakingoja amtetee kocha, maana nani angemtetea kama si yeye?

"Ezéchiel atoke," alisema. "Miaka sita iko anaita mutoto yangu, na mutoto halali. Mulete kocha mwengine, muntu mwenye hajue ile jina." Akawaeleza habari ya mkeka, yote, bila kumtazama mtu.

Kocha alikuwa mlangoni. Alikuja kujitetea, kofia mkononi, na alikuwa amesikia kila neno.

"Mama Ibrahim," alisema, "minye niliacha kuita ile jina, sasa ni miaka tatu. Moyo ilikuwa inanikatalia. Nikimaliza Clovis, ninafunga kaye. Mukiitika, ninasema basi, batu banakumbuka mutoto wao."

"Tunaitika kwa sababu unaita," alisema Nourdine polepole. "Tunasikia sauti yako."

Mzee akatikisa kichwa. Akaifungua kaye mezani, ukurasa baada ya ukurasa. Majina kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja.

Mwamvua akazipitia kurasa zote kwa kidole. Aliona sasa kwamba kumfukuza mzee kusingemfungia mtu mlango wowote. Walioushika mlango ni waitikiaji. Wakakubaliana: kesho jina likija, asijibu mtu, na habari ya kocha ingoje hadi baada ya mechi.

Kesho yake, saa tisa, jua likiwaka, Ezéchiel aliita majina kumi na moja. "Iko," alisema Clovis. Kocha akafunga kaye na kuziba mdomo kwa kiganja, watu wote wamwone.

Jina likaja. "Ibrahim!" Sauti ilikuwa ya Ezéchiel hasa, na Ezéchiel mwenyewe aligeuka kuitafuta. Mamia ya watu wakanyamaza. Likaja tena, karibu na mabenchi. Wengine waliwaziba wenzao midomo.

Mara ya tatu haikuwa sauti ya kocha, wala halikuwa jina. Ilikuwa sauti ya kijana, ya kukwaruza, sikioni kwa Mwamvua.

"Mama?"

Aliuma ncha ya mtandio mpaka meno yakakutana. Wanaosema hakuna uchungu kama wa kuzaa hawakumwona siku ile. Hakujibu.

Filimbi ikalia. Clovis akasogea hatua kwa hatua hadi katikati ya goli, akanyoosha mikono huku na huku, akabaki hapo. Nyota ilishinda mbili bila. Ezéchiel akabebwa mabegani, na aliyepiga kelele kuliko wote kwamba kocha haendi popote ni Nourdine yule yule.

Mwamvua hakuondoka kwenye benchi. Alikuwa amepata alichokitaka, na aliogopa kuliko siku zote za mkeka. Ibrahim alikuwa mtoto msikivu. Ukimnyima jambo hakuomba mara ya pili. Mama yake alikaa pale mpaka uwanja ukawa mtupu, mtandio ameuachia, anasikiliza, tayari kuitika.