Kibali cha Mazishi

Zipora wa mtaa wa Miyuji huuza kanga na vitenge kwa watu asioonana nao. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye rafu tatu na simu moja. Wateja wake wengi ni Watanzania walioko ughaibuni: mtu yuko Uswisi, shangazi zake wako Kongwa, anataka wavae sare kwenye harusi au kwenye msiba. Analipa kwa kadi ya benki huko huko aliko, Zipora anafunga mzigo na kuupakia kwenye basi. Kwa miaka minne kazi hiyo ilimweka mjini bila kumpigia mtu magoti.

Aliyemfundisha ni Reshma, anayemuuzia mzigo wa jumla, mwanamke asiyeamini hata mizani yake mwenyewe.

"Kadi siyo noti, dada," alimwambia. "Pesa inaingia leo, mwezi ujao inarudi kwa mwenyewe. Jina la kwenye kadi lifanane na la mnunuzi. Mpigie simu. Mwombe kitambulisho. Akiwa na haraka, wewe ndiyo usubiri."

Zipora aliyashika yote hayo, isipokuwa mahali pamoja: kwenye msiba. Nani anamwomba mfiwa kitambulisho? Huku kwetu mtu akisema amefiwa unampa pole kwanza, maswali baadaye, na mara nyingi hayo maswali hayaji kabisa.

Mwezi wa tatu akatokea mmoja aliyejiita Batholomeo. Mama yake amefariki Singida, anataka doti sitini, tena leo leo. Malipo yaliingia papo hapo. Jina la kwenye kadi lilikuwa la Kizungu. Zipora aliliona, akalipita. Si hivyo tu, aliongeza doti mbili za bure, rambirambi yake, na kikaratasi cha pole juu. Mzigo ukapokelewa stendi, na Batholomeo hakusikika tena.

Baada ya wiki tano kampuni inayompokelea malipo ikamwandikia. Mwenye kadi, bwana mmoja wa nchi ya mbali, amelalamika kwamba hajanunua kanga tangu azaliwe, na amerudishiwa pesa zake zote. Chini kabisa wakaongeza: likija lalamiko jingine kama hili, akaunti yako itafungwa.

Zipora alilia. Doti sitini ziliuma, lakini kilichomchoma zaidi ni zile mbili. Mtu mzima na akili zake, kampa mwizi rambirambi! Mumewe Luka, karani wa wizara kule Mtumba kwenye ofisi za serikali, alijaribu kumchekesha. "Angalau mama yake mwizi kazikwa kwa heshima," alisema, na siku hiyo alikula kiporo.

Akaunti ikifungwa, duka limekufa, maana wateja wa ughaibuni hawakuwa na njia nyingine rahisi ya kumlipa. Basi Zipora akaapa: awe mfiwa, awe bwana harusi, awe askofu, wote watapita njia moja.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba oda ikaingia. Paulina Matonya, anaishi Norwe. Baba yake amefariki, mazishi ni Jumatano, Mpwapwa, anaomba doti ishirini za shangazi zake. Malipo yaliingia, lakini kadi ilisomeka P. Haugen. Jina tofauti, haraka, msiba. Ni yale yale ya Batholomeo.

Akaandika kuomba picha ya kadi, tarakimu za katikati zifunikwe, pamoja na kitambulisho.

"Haugen ni jina la mume wangu, dada," Paulina alijibu. "Niko foleni ya kupanda ndege, simu inaisha chaji. Nakuomba tuma tu."

"Nitatuma ukinionyesha," aliandika Zipora. Halafu hasira ya mwezi wa tatu ikampanda, vidole vikaendelea vyenyewe. "Na kibali cha mazishi pia."

Paulina akaandika: "Unataka nithibitishe kwamba baba amekufa?"

Picha haikuja. Zipora alipiga simu mara tatu, haipatikani. Akaona hapo ndipo alipomkamata, akayarudisha malipo kwenye kadi. Reshma alimpongeza. Luka peke yake ndiye aliyeuliza, "Na kama kweli yuko kwenye ndege?"

"Hata yule wa Singida hakukosa maneno," alijibu.

Mzigo alikuwa ameshaufunga na kuuandika Mpwapwa. Mabasi ya Jumanne yakaondoka, ya Jumatano yakaondoka, mzigo wenyewe uko pale pale mlangoni. Zipora alikuwa anaupita kila akitoka, haangalii.

Ijumaa asubuhi mwanamke akabisha hodi. Alivaa nguo nyeusi, macho yamevimba, viatu vimejaa vumbi.

"Karibu, dada. Karibu kiti."

"Mimi ni Paulina," alisema, na hakukaa. Alitoa kadi akaiweka mezani, akatoa pasi ya kusafiria, halafu karatasi iliyokunjwa, yenye muhuri. Zipora hakutaka kuisoma, akaisoma. Jina la marehemu, umri, sababu ya kifo.

"Shangazi zangu walivaa walichokuwa nacho," Paulina alisema bila kupaza sauti. "Mmoja alimzika kaka yake akiwa amejifunga kanga ya kuazima. Wakaniuliza, mwanetu umetoka Ulaya, hata sare ya baba yako imekushinda? Nikawaambia mzigo umechelewa njiani. Niliona aibu kuwaambia ukweli."

Zipora aliinama akaunyanyua ule mzigo. Alitaka kusema chukua, chukua bure, chukua na mingine. Akaukumbatia tu.

"Pole, dada," alisema. "Pole sana kwa msiba."

Paulina alikikunja kibali taratibu, akakirudisha kwenye mkoba.

"Kwa hiyo sasa unaamini," alisema, akatoka. Zipora alibaki amesimama na doti ishirini mikononi, akaunti yake iko salama, na hajui pa kuuweka uso wake.