Kikombe Nilichookota Mkange

Nimezeeka, lakini bado naona haya. Ujanani, nikiwa karani, nilitumia likizo kuzuru mahali palipopiganwa vita vya Mjerumani. Bagamoyo, mwenye duka mmoja alinifukuza: "Vita si ngoma, bwana, uje kutazama!"

Kijijini Mkange, mjane aitwaye Bi Mwanahawa aliniinjikia mihogo, akanielekeza kwenye handaki nyuma ya shamba lake. Kando ya handaki, juu ya fungu la mchanga, niliona kikombe cha bati. Mimi msomi wa sekondari nilikinyakua, nikarudi mbio nikitamba.

"Bibi, nimepata kikombe cha askari wa Kijerumani!"

Aliacha kupakua. "Hicho cha mume wangu, aliyekuwa mpagazi wa vita. Nilikiweka mwenyewe kaburini kwake. Karudishe, mwanangu, kisha uje ule."