Taa Zisizofanyiwa Kazi

Hasira ninayo, sikatai. Mwalimu wetu wa shule ya bweni aliiandika kwenye ripoti yangu, mama mkwe huitangaza kisimani, na mume wangu, ambaye yuko kwenye kazi za barabara na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, huijulia hali kabla yangu: "Hasira haijambo?" Haijambo kabisa. Na mwaka ule wa ubatizo wa binti yangu ilinenepa.

Binti huyo alizaliwa Makambako juu ya magunia ya mahindi. Nilikuwa nimepanda lori kwenda Njombe kujifungulia hospitali ya misheni, lori likaharibika, likasukumwa hadi kwa fundi Mzungu pale njia panda, na mtoto naye akaona hapo panafaa. Mke wa fundi akatoka na mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko. Mwanamke mfupi, viganja kama vya mchimba visima. Kwao Ujerumani alikuwa mkunga.

"Sukuma, mama," aliniambia. "Kelele utapiga baadaye, nitakusaidia."

Nikasukuma. Kisha nikapiga kelele, na kweli akanisaidia. Kabla kitovu hakijakatwa nilikuwa nimeshaamua: huyu ndiye mama wa ubatizo wa mtoto wangu. Nikamwambia palepale. Akageuza uso upande wa ukuta, nikadhani hataki.

Baadaye ndipo alinieleza. Yeye na mumewe ni Wayahudi, tena wanaamini kwamba Yesu ndiye Masihi ambaye babu zao walimngojea. Huko kwao, Wayahudi walipoanza kuwindwa, kanisa lao likawaambia, "Ninyi ni Wayahudi, kaeni benchi la nyuma," halafu likawaambia hata la nyuma hakuna. Wakawaendea ndugu zao. Ndugu nao wakasema, "Ninyi mlishatuacha." Wakakimbia wakiwa hawana benchi popote, hadi Tanganyika. Tangu wafike hakuna aliyewahi kumwomba asimame mbele ya kanisa kwa jambo lolote. Ndiyo maana aligeuka ukutani.

Basi ikafika Desemba. Ubatizo ulipangwa Jumapili ya kabla ya Krismasi. Nilikuwa nashona gauni jeupe la mtoto, na mvua ilikuwa imeifanya barabara uji, mafuta ya taa hayakufika dukani wiki nzima. Koroboi langu likazimika sindano ikiwa kwenye ukosi. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka kwetu Lyamkena, karibu na njia panda, kwenda kwa mkunga, kwa sababu dirishani kwake niliona mwanga.

Nikakuta vikombe vya udongo vimepangwa kwenye ubao, viwili vinawaka. Nikavuta kigoda, nikatoa gauni.

"Samahani, mama mtoto," akasema. "Taa hii haifanyiwi kazi."

"Haifanyiwi nini?"

"Kazi. Hushoni kwayo, husomi kwayo, huhesabu kitu kwayo. Ni ya kutazamwa tu."

Nilimtazama yeye, nikaitazama taa. Mafuta yalikuwa ya nyonyo, harufu yake naijua, mama mkwe wangu ndiye aliyeyakamua akamuuzia. Mtu anatwanga nyonyo hadi mabega yanakauka, halafu mafuta yanawashwa ili yatazamwe! Nikamwambia kwetu mtu anayewasha taa akaikalia bure huulizwa kama ana homa. Nikaondoka nimenuna, sikungoja jibu.

Kesho yake akanifuata mwenyewe hadi jikoni kwangu, kabeba viazi kwenye kapu.

"Jana uliondoka haraka," akasema. "Hukuiona ya pembeni."

Ndipo akanisimulia, huku anakuna viazi kwenye bati alilolitoboa kwa msumari. Zamani, kabla ya Yesu, mfalme mgeni aliwakataza Wayahudi kumwabudu Mungu wao, akaingiza nguruwe hekaluni. Watu wachache wa milimani wakakataa, wakapigana, wakashinda bila kutarajiwa. Walipolisafisha hekalu wakakuta mafuta matakatifu ya siku moja tu, nayo yakawaka siku nane. Kwa hiyo kila mwaka huwasha taa moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, hadi nane. Hazifanyiwi kazi kwa sababu ni za Mungu. Lakini ipo ya tisa, imewekwa peke yake, nayo huitwa mtumishi. Hiyo ndiyo inayowasha wenzake, na hiyo ndiyo watu huitumia.

"Na wewe unayemwamini Masihi, ya nini tena?" nikauliza. "Si una Krismasi?"

Akacheka. "Wale wa milimani wangekubali kufutwa, Mariamu angezaliwa ukoo gani? Bila sikukuu hii hakuna Bethlehemu. Na mimi kila nikimwona mtumishi anainama kuwawashia wengine, namjua ni nani. Ndugu zangu hawamwoni hapo. Mimi namwona."

Vile viazi tukavikaanga vikawa kama maandazi bapa, na jioni hiyo na zilizofuata nikashona kwake nimeegemea taa ya pembeni. Ukosi ukaisha. Mkono wa kulia ukaisha.

Sasa mama mkwe. Yeye hakualikwa, kwa hiyo alichungulia. Alitaka kujua mafuta yake yanakwenda wapi. Alisimama nyuma ya mgomba wa mkunga jioni baada ya jioni, na siku ya nne akarudi nyumbani macho yamemtoka.

"Jana walikuwa watatu," akasema, "leo wanne. Wanaongezeka!"

"Akina nani, mama?"

"Mizimu ya wale Wazungu. Kila mmoja na kikombe chake. Anawaita, wanakuja mmojammoja. Na wewe umekaa katikati na mjukuu wangu!"

Nilimweleza. Hakusikia, alikuwa anahesabu kwa vidole wafu wa ukoo wetu aone kama nasi tunaweza kufika nane. Asubuhi habari ikawa kisimani, na kufikia mchana ikawa kwa mzee wa kanisa. Mzee huyo akaja jioni ya tano, mwavuli kwapani, akasimama mlangoni kwangu bila kuketi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mzee. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kusema neno moja. Huyo mama hatasimama na mtoto. Ama anatambikia, ama amerudi kwenye Torati. Yote mawili hayafai."

"Umemuuliza?"

"Ya nini kumuuliza? Mkweo ameona."

"Mkwe wangu ameona mizimu minne, mzee. Wewe jana kwenye pombe ya ulanzi uliona mingapi?"

Haikuwa adabu, najua. Alifungua mwavuli akiwa bado ndani, akaondoka. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kwa hasira, kwa sababu nilimfikiria yule mama wa benchi la nyuma. Alivuka bahari na nchi, na sasa wazee wetu wa Makambako nao wanataka kumwambia hakuna nafasi. Nilipompelekea habari hakushangaa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema tu, "Tafuta mwingine, mama mtoto. Mimi nimezoea."

Nikamwambia, "Mimi sijazoea."

Alfajiri ya siku ya sita nikapanda lori la mahindi, mtoto mgongoni, kwenda Njombe kwa Mchungaji. Nilifika nimelowa hadi kwenye mifupa. Mchungaji alikuwa anakunywa uji.

"Karibu, mama. Mtoto ni mgonjwa?"

"Mtoto mzima, Mchungaji. Mgonjwa ni mzee wako wa kanisa."

Jikoni nilisikia mke wake akicheka, na mwiko ukaanguka. Nikaeleza yote bila kupumua. Halafu nikauliza, "Yesu alikuwa Mbena kama sisi?"

"Alikuwa Myahudi."

"Alishika sikukuu zao?"

"Alizishika. Lakini hii ya taa siijui."

Nikafungua Injili aliyonionyesha mkunga. Mahali ni palepale Yesu anapotembea kwenye ukumbi wa hekalu, ni sikukuu ya kulitabaruku hekalu, yaani kuliweka wakfu, ndiyo hii ya taa, na ni wakati wa baridi. Mchungaji akapasoma kimya, akapasoma tena.

"Nimepahubiri hapa mara nyingi," akasema, "nikaona baridi tu. Sisi wa Njombe huona baridi kwanza." Akamaliza uji wake. "Sitaamua kwa maneno ya kisimani, wala kwa hasira zako. Nitakuja nione. Siku ya mwisho lini?"

"Kesho kutwa."

"Kama kuna tambiko, mama, hatasimama. Tumeelewana?"

Tulielewana. Siku mbili hizo sikulala vizuri.

Jioni ya nane walikuja wote wawili, Mchungaji kalowa, mzee wa kanisa na mwavuli wake. Mama mkwe aliingia nyuma yao kama shahidi, na kwa mara ya kwanza alipita mlangoni. Vikombe vinane vilikuwa vinawaka kwa mstari, na kile cha tisa pembeni. Mimi nilikuwa chini na gauni, nimebakiza mkono wa kushoto. Mkunga alikuwa amevaa vizuri, kasimama kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Mumewe alikuwa nyuma yake, grisi bado kwenye kucha.

Mchungaji akatoa miwani, akafungua Injili, akainama kwenye taa ya tatu ili asome.

Mkunga akafumba macho. Nilimwona anataka kusema na anaogopa. Akimkataza Mchungaji, atakuwa mkaidi. Akinyamaza, ataivunja sikukuu ya baba zake. Nami nikafungua mdomo wangu.

Lakini mama mkwe alinitangulia.

"Siyo hiyo, Mchungaji!" alimaka, akamshika mkono kabisa. "Hizo hazifanyiwi kazi, ni za Mungu! Utasomea hii." Akakichukua kikombe cha pembeni, akakiinua karibu na kitabu. "Hii ndiyo mtumishi. Hii imewasha wenzake wote, na yenyewe haihesabiwi. Soma sasa."

Mchungaji akainua uso kutoka kitabuni.

"Bibi," Mchungaji akasema, "haya umeyajuaje?"

"Nimechungulia siku saba. Anaongea na huyu mkwe wangu kwa sauti, wote wawili hawajui kunong'ona."

"Na mizimu?"

Mama mkwe akalitazama dari kidogo. "Niliwahi kuhesabu vibaya."

Mzee wa kanisa akakohoa. Mchungaji akacheka hadi miwani ikashuka puani, kisha akasoma, kwa mwanga wa kikombe kilichoshikwa na mwanamke aliyeileta kesi. Alipomaliza alimgeukia mkunga.

"Huyu mtumishi, kwako ni nani?"

"Ni yeye uliyesoma habari zake sasa hivi," mkunga akajibu.

"Basi Jumapili simama na mtoto. Simama mbele."

Mkunga hakugeukia ukuta safari hii. Alikwenda kuleta viazi. Mama mkwe alikula sita, akamwambia mzee wa kanisa, "Kula, baba. Torati hii ina chumvi ya kutosha." Mzee akala vitatu, na mwavuli ukasahauliwa.

Watu wote walifurahi jioni ile, nami pia, lakini niseme ukweli: jioni ya nane ndiyo niliyoipanga kumalizia mkono wa kushoto, na mtumishi alikuwa mikononi mwa mama mkwe, hakumwachia mtu hadi mafuta yakaisha. Nane zilizobaki sikuthubutu hata kuzitazama na sindano mkononi.

Jumapili mkunga alisimama mbele kabisa. Alipoulizwa kama atasaidia kumlea mtoto katika imani, alijibu "Ndiyo" kabla swali halijaisha, kwa sauti ya kumwambia mtu asukume. Binti yangu alibatizwa mkono mmoja wa gauni umeshonwa na mmoja umeshikizwa kwa pini. Pini ikamchoma Mchungaji kidole. Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama mishumaa ya madhabahuni, kama mtu anayetafuta ni upi kati yake unaoruhusiwa kufanyiwa kazi.