Mkaguzi wa nyama aliyefungua kichwa cha kondoo wa shefu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, ua wa Mama Henriette Kyungu umejaa watu kuliko kanisa siku ya ubatizo. Katikati pamewekwa meza ya jikoni, na juu yake beseni, msumeno wa kukatia chuma na kichwa cha kondoo dume. Henriette, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, amevaa aproni ya machinjio ambayo siku hizi ni nyeupe kwa jina tu.

"Wenye roho ya kuogopa basimame nyuma," anatangaza huku akifunga kamba za aproni. "Wenye mudomo murefu bakuye hapa mbele. Bale njo minabatafuta."

Watu wanaangua kicheko. Asiyecheka ni mmoja tu, Tata Kabamba, shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara hii na nyumba zake. Kichwa kilicho mezani ni cha dume lake.

Tangu Januari mwaka huu wa 1994, kondoo wa mtaa huu wa Manika, mjini Kolwezi, wamekuwa na kioja. Mnyama anaanza kuinamisha kichwa upande mmoja. Baada ya siku chache anazunguka, anazunguka, daima upande uleule, mpaka anachora duara kwenye vumbi. Anaacha kula, anagonga ukuta kama haoni, kisha anaanguka.

Maelezo yake yalipatikana haraka, maana mtaa huu haujawahi kukosa maelezo. Mwaka jana, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, familia kumi na mbili za avenyu hii ziliondoka na vitu vilivyobebeka mikononi. Kondoo hawabebeki mikononi. Thelathini na wanne walibaki, wengine kwa marafiki, wengine kwa watu ambao hakuna aliyewakabidhi chochote.

Basi kondoo walipoanza kuzunguka, watu walisema wanawatafuta wenyewe waliofukuzwa. Ni laana, wakasema. Wiki iliyopita mkutano wa avenyu ulikata shauri kwamba kondoo wote wa waliofukuzwa wachinjwe na kuchomwa moto kabla ya Jumapili. Henriette aliomba siku sita za kutafuta chanzo. Leo ni ya sita.

Kati ya hao thelathini na wanne, tisa ni wa Mama Mbelu, na hao ndio wanaomnyima Henriette usingizi. Mbelu na mumewe Ngeleka, fundi umeme wa mgodini, walikuwa majirani zake kwa miaka kumi na miwili. Walitumia bomba moja la maji na ua mmoja wa miti, na wanawake hao wawili waligombana kila mwisho wa mwezi juu ya nani ameharibu koki.

Siku ya kwenda stesheni, Mbelu alipitisha kamba ya kondoo juu ya ua huo. Nyuma yao alifuata Bobi, mbwa wa Mbelu, bila kushikwa na mtu. "Aliniambia, unichungie, nitarudi," Henriette anasimulia. "Hakulia. Mi njo nililia. Yeye alikuwa anahesabu batoto asipoteze moya."

Moussa, msafirishaji anayekaa nyumba ya tatu, alimshauri mapema auze wanyama hao, naye angempelekea Mbelu fedha huko Mwene-Ditu, Kasai, alikohamia. Henriette alikataa katakata.

"Kondoo bakiisha, Mbelu atarudi hapa kufanya nini?" anauliza. "Nyumba beko banalala batu wengine. Kazi ya bwana yake ilikufa. Hii kondoo njo kitu ya mwisho inamuita Kolwezi. Nikiiachilia, ni kama na mi nilimufukuza."

Kazi ya Henriette mwenyewe nayo ilikufa. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mkaguzi wa nyama katika machinjio ya mji. Shughuli za migodi zilipoporomoka, machinjio yalipunguza siku, kisha saa, kisha yakafunga mlango. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa gunia moja la unga wa mahindi. Alilibeba kichwani mpaka nyumbani, akiwaambia waliomsalimia njiani kwamba leo amepandishwa cheo.

Sasa anazunguka mtaani na kisu chake, akikagua nyama ya wanaochinja uani kwao, na wao humlipa kopo la maharage au mafuta ya mawese kidogo. Wiki nzuri inampa makopo kumi. Wiki mbaya, anasema, inampa salamu.

Siku sita alizopewa na mkutano alizitumia kama alivyofundishwa kazini, kwa kuangalia na kuandika. Aliingia nyumba arobaini na moja na daftari la shule. Alihesabu kondoo mia moja themanini na saba, na kati yao ishirini na sita walikuwa wakizunguka au walikuwa wamekufa wakizunguka. Kwa maneno mengine, karibu mmoja katika kila saba.

Halafu aliuliza maswali yaliyowachosha watu. Kondoo ana umri gani? Anakula majani wapi? Alinunuliwa au alizaliwa hapa? Nani analala naye? Mzee mmoja alijibu kwamba kondoo wake analala peke yake, na kama Henriette ana habari nyingine aseme mbele ya mke wake.

Kufikia siku ya tatu daftari lilianza kusema. Wagonjwa ishirini na mmoja walikuwa hawajafikisha mwaka mmoja na nusu. Laana ya watu wazima, alijiuliza, kwa nini iwapende watoto? Na wengi wa wagonjwa walikuwa wa wenyeji, wanyama ambao hawakuwahi kumwona Mkasai hata mlangoni.

Jibu alianza kulinusa nyumbani kwa Moussa. Moussa na mkewe Leila, Waislamu waliotoka Maniema, wana kondoo kumi na wanne, na hata mmoja hazunguki. Henriette aliwazungukia wanyama hao mara mbili, akakagua macho na meno, akajishika kiuno. Mwishowe alimwuliza Leila ana dawa gani.

"Dawa gani, mama?" Leila alishangaa. "Beko banakula mu uzio, majani tunakata mbali, ngambo ya shamba ya muhogo. Inje habatoke. Na imbwa haiingie humu, unajua."

Imbwa. Mbwa. Henriette anasema alikaa chini palepale, juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

Hapo alikumbuka tanuri la machinjio. Kila kichwa kilichopita chini ya kisu chake kikiwa na kasoro kilitupwa katika tanuri hilo, na kwa miaka kumi na saba hakuwahi kujiuliza kingekwenda wapi kama tanuri lisingekuwepo. Machinjio yalipofungwa, watu walianza kuchinja nyumbani. Familia zilipofukuzwa, mbwa wao walibaki bila bwana, wakirandaranda na njaa. Na kondoo wa kwanza walipokufa wakizunguka, watu walikula nyama lakini waliogopa kichwa, kwa sababu ya laana.

Kwa hiyo kichwa wakawatupia mbwa.

"Na mi pia," Henriette anamwambia mwandishi wa habari hii, akijipiga paji la uso. "Usiandike kama ni batu tu. Mwana-kondoo wa Mbelu alikufa mwezi wa kwanza. Kichwa nikamupa Bobi, na nikamuambia kula, baba. Mukaguzi wa nyama! Miaka kumi na saba! Kama kungekuwa medali ya ujinga, ningeivaa ku kanisa."

Kujua ni jambo moja, kuuaminisha mkutano ni jambo lingine. Alihitaji kichwa cha kondoo ambaye hakuna mtu angemsingizia Mkasai. Bahati ilimjia Alhamisi, alipopita nyuma ya jiko la Tata Kabamba, mtu aliyepiga kelele za laana kuliko wote.

Pale alikuta dume kubwa, lililonunuliwa mjini Fungurume, limefungwa kwenye mpapai mbali na macho ya watu. Lilikuwa limeuzunguka mpapai huo mara nyingi hivi kwamba kamba yote ilikuwa imeisha, na shavu lake limebanwa kwenye shina. Shefu alikuwa amepiga magoti, akilizungusha upande wa pili ili alifungue.

"Shefu," Henriette alimsalimia, "na wewe ulimufukuza nani ku Fungurume?"

Shefu alimsihi apunguze sauti. Henriette hakupunguza, lakini alimpa nafasi ya kutoka na heshima yake: dume hilo halitapona, basi lichinjwe, na kichwa kifunguliwe mbele ya wote. Kikiwa kitupu, yeye mwenyewe atawasha moto wa kuwachoma kondoo wa Mbelu. Walikubaliana, na ndiyo maana leo ua umejaa.

Henriette hachukui msumeno kwanza. Anamwita Kabamba mezani. "Weka kidole hapa, nyuma ya pembe. Finya."

Shefu anafinya. Mara anarudisha mkono kama aliyeguswa na makaa. "Inabonyea! Mufupa inabonyea!"

"Kitu iko ndani inaisukuma," anamjibu, na sasa anashika msumeno.

Hakuna anayecheka tena. Mfupa unakatika kwa urahisi usiotarajiwa. Henriette anaingiza vidole viwili, polepole kama anayetoa yai chini ya kuku mkali, na kutoka kwenye ubongo anavuta kifuko chembamba kilichojaa maji, kikubwa kuliko yai la kuku. Anakilaza ndani ya beseni. Ndani ya ngozi yake inayopenyeza mwanga kumeganda punje nyeupe, nyingi, kama mchele.

"Muangalie laana yenu," anasema. "Iko na mayi na tumbegu."

Kisha anawaeleza, bila haraka. Kila punje, mbwa akila kichwa kibichi, hukua tumboni mwake kuwa mnyoo mrefu, tegu. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa na kukaa kwenye majani. Kondoo mchanga hula majani hayo, na miezi michache baadaye kifuko kinaanza kukua kichwani mwake. Kikikaa kulia, anazunguka kulia. Hamtafuti mtu.

Watu wanasogea kuangalia, wanasukumana, wanaweka watoto mabegani. Mama Shekina, mwenye kondoo watatu wagonjwa, anashika kifua na kuvuta pumzi ndefu. "Aksanti Mungu! Basi laana haiko. Basi hatuna kosa."

Henriette anafuta mikono kwenye aproni. Anamtazama jirani yake huyo kwa upole, lakini hamwachii.

"Munyoo inatoka ku imbwa, mama," anasema. "Kufukuza batu, ile ilitoka kwetu."

Wengine wanatazama nyumba ya pili, ile ya Mbelu, ambayo sasa ina mapazia mageni. Ni Tata Kabamba anayekohoa na kuwaokoa wote.

"Na nyama ya dume yangu," anauliza kwa unyonge, "inalikiwa?"

"Inalikiwa, Shefu. Ugonjwa ulikaa ku kichwa tu."

Kicheko kinachofuata kinasikika mpaka barabarani, na kabla ya saa nne masufuria matatu yako motoni. Mkutano unafanyika huku watu wakinusa mchuzi, na kwa sababu hiyo unaisha upesi. Kondoo wa waliofukuzwa hawatachinjwa. Patachimbwa shimo refu la vichwa mwisho wa avenyu. Mbwa watafungwa, na Moussa ataleta dawa yao ya minyoo kutoka Lubumbashi. Henriette atakagua kila anayechinjwa, na kila nyumba itamlipa kopo moja la maharage kwa mwezi, hata mwezi ambao haichinji.

Anapanga zaidi ya hapo. Anataka kufika mtaa wa jirani na daftari lake, kisha mwingine, na siku moja kuwa na kibanda cha kuchinjia chenye sakafu ya saruji na tanuri lake, hata kama ni la matofali ya udongo. Bobi, ambaye atakuwa wa kwanza kunywa dawa, amelala chini ya meza akiwa amefungwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na uso wake unaonyesha hajapenda.

Baada ya kula, Shefu anaomba karatasi. Anataka orodha rasmi ya kondoo wote wa avenyu, yenye muhuri wake, ili asitokee mtu wa kuwagusa. Moussa ataondoka Jumanne na lori, na Henriette anataka nakala ifike Mwene-Ditu, mikononi mwa Mbelu.

Kabamba anaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya misheni: jina la mwenye mnyama, idadi, mahali alipo mwenyewe. Kwenye familia za Kasai anaandika neno moja tu, "aliondoka". Anafika kwa Mbelu, kondoo tisa, na anaandika vilevile.

Henriette, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, anaweka kidole kwenye karatasi.

"Futa ile. Andika: yuko mu safari."

Shefu anafuta na kuandika alivyoambiwa. Kisha, bila kuombwa na mtu, anarudi kwenye majina mengine kumi na moja na kuanza kuyasahihisha, moja baada ya jingine.